Fuwele zinazojijenga zenyewe na kubadilika kwa mwanga, mnisaidie hapa

MwalimuUjiji
Wakuu habari zenu, nafundisha kemia kidato cha sita huku Ujiji. Tangu Kitagawa, Robson na Yaghi wapewe Nobeli 2025 kwa zile fuwele za metali na molekuli za kikaboni zenye vyumba ndani (MOF, sisi tunaziita mofu), vijana wangu hawatulii. Nikawaambia kuna mofu zenye azobenzini (molekuli inayopinda ikipigwa mwanga) zinazobadilika zikimulikwa, mmoja akanibana: fuwele si imeshapangwa ikabana, molekuli itapindaje mle ndani bila kuvunja kila kitu? Na nani anazipanga? Nataka nimjibu kwa kina.

Binti_Uvinza
Mwalimu hakuna anayezipanga, ni kama chumvi yetu huku, maji yakipungua fuwele zinajiunda zenyewe. Kwenye MOF-5 ya 1999 zinki ndo vifundo, asidi tereftaliki ndo nguzo. Siri ni kwamba vile vifungo vya zinki na nguzo vinaachia na kushika tena, iliyokaa vibaya inatoka inakaa upya, ndo maana wanaenda taratibu, ukiharakisha unapata unga tu hauna mpangilio.

Mnyamwezi_wa_Kemia
Huyo kijana mpe hongera, kagusa penyewe kabisa. Azobenzini ikinyooka ina urefu wa kama nanomita 0.9, ukiimulika UV (mwanga wa urujuanimno usioonekana) yenye urefu wa wimbi karibu nanomita 365 inapinda inabaki kama 0.55, mwanga wa bluu au joto vinairudisha. Kwenye fuwele iliyobana kweli inakwama. Na ukiifanya nguzo yenyewe ujue imefungwa ncha zote mbili, kwa kawaida haiwezi kupinda kikamilifu. Kwa hiyo wanaining'iniza pembeni ya nguzo ichungulie kwenye chumba, fremu imetulia mkono ndo unacheza. Mofu iitwayo PCN-123 ya 2012 iko hivyo, umbo lake ni lile lile la MOF-5, ukiipiga UV inashika kaboni dayoksaidi kidogo, ukiipasha joto uwezo unarudi.

MwalimuUjiji
Asante sana ndugu zangu. Je tukiianika tu juani si itafanya kazi?

Mnyamwezi_wa_Kemia
Hata jua la Tabora kaka halitoshi kwa hilo, siyo kwamba ni dogo, tatizo limechanganya UV na bluu na joto, moja linapindisha mengine yananyoosha, unaishia katikati. Tafuta taa ya rangi moja. Na wasichanganye na MOF-801 ya kuvuna maji hewani, ile jua linaipasha moto tu maji yatoke, hakuna kinachopinda.