Naomba ushauri: binti yangu wa miaka 15 anataka kuangalia Splice

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu anapenda mno baiolojia, na sasa ananing'ang'ania nimruhusu aangalie Splice, filamu ya Vincenzo Natali ya mwaka 2009. Jana usiku nimemtangulia kuiangalia peke yangu, usingizi ukakata.

Wanasayansi wawili wapenzi, Clive na Elsa, wanachanganya kwa siri vinasaba vya binadamu na vya wanyama, anazaliwa kiumbe wanayemwita Dren. Damu haikunitisha sana. Kilichonichoma ni Elsa. Mama yake alimlea kwa ukatili. Naye anamdekeza Dren akiwa mdogo, anamvisha gauni, lakini akishaanza ukaidi anamfunga na kumkata mwiba wa mkiani. Mimi ni mama, nililia.

Hilo ningependa tulizungumze na binti yangu, pamoja na swali la nani mzazi wa kiumbe wa maabara. Ila kuna ngono, na mwishoni ubakaji. Marekani waliipa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii sinema bila mzazi au mlezi.

Wazazi wenzangu, nimkatalie kabisa, au tukae pamoja niruke vipande hivyo? Na kama mnajua filamu nyingine ya mada hii inayomfaa umri wake, nitajieni tafadhali.