Fundi kaniulia skrubu tatu za diski za breki, sasa anataka ninunue habu nzima! Hivi mafundi wa Moshi tuwafanyeje?

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mkikuta neno kali mnivumilie. Gari langu liko juu ya mawe tangu Jumatano kwenye gereji ya mtu, tairi za mbele hazipo, na mimi nakwenda kazini kwa bodaboda kwenye matope haya. Sababu? Skrubu. Siyo injini, siyo gia boksi. Skrubu tatu ambazo ukiziweka kiganjani zinapotea.

Gari ni CR-V ya mwaka 2003. Tangu Desemba nikishuka kutoka Marangu kwenda Himo, nikigusa breki tu usukani unacheza kama nimeshika mashine ya kusaga. Pedi nilishabadilisha, haikusaidia kitu. Nikaambiwa diski zimechoka, hata kuchongwa hazifai tena, nikakubali. Nikaagiza mbili mpya Dar, zikaja na basi, na nauli ya mzigo juu ikafika laki na nusu. Hadi hapo sina ugomvi na mtu.

Kwa wenye Toyota hamuwezi kuelewa uchungu wangu, ngoja nieleze. Toyota nyingi ukishatoa tairi na kalipa (kile kibanio kinachoshika pedi), diski unaivuta inatoka. Ikigoma, nyundo mbili tatu kwa adabu, basi. Honda wao wameibana diski kwenye habu (kile kitovu cha chuma kinachobeba tairi) kwa skrubu mbili za kichwa bapa, zile zinazolala sawasawa na uso wa chuma. Gari limeishi Japani miaka kadhaa, na mikoa yao ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha theluji, kisha likaja kwetu likakutana na mvua za masika na maji ya kuoshea magari. Ile skrubu ikiguswa baada ya miaka ishirini, imeshaoana na habu kwa ndoa ya kanisani.

Sasa fundi. Gereji siitaji, na yeye simtaji, maana nikimtaja itaonekana nina chuki binafsi. (Ninayo.) Nilikuwa nimekaa kwenye kreti la soda mita moja kutoka alipo, kwa hiyo sisimuliwi na mtu. Akatoa tairi, akafungua kalipa, akaiacha inaning'inia kwa mpira wake wa mafuta ya breki kama kuku wa sokoni. Nikamwambia, fundi, si uifunge na waya kwenye springi? Akasema, "Mzee, usiwe na wasiwasi." Nimeshajifunza kwamba fundi akishaniita mzee na kuniambia nisiwe na wasiwasi katika sentensi moja, natakiwa niwe na wasiwasi.

Akaja na bisibisi ya nyota ambayo ncha yake imeshakuwa ya duara kama kidole gumba. Hakupaka mafuta ya kulainisha kutu. Hakugonga hata kidogo kuishtua. Akaisimamisha, akazungusha. Krrak! Ikaruka. Akarudia. Krrak! Mara ya tatu nikaona unga wa chuma unang'aa juu ya vumbi jeusi la breki, na wakuu, ukishaona ule unga jua msalaba wa nyota unaondoka. Pale pale ilitakiwa aache. Ikiwa bado ina kona nne unaweza kuibembeleza. Ikishakuwa kikombe huna pa kushika. Yeye akaongeza nguvu.

Kulikuwa na dogo mmoja anajifunza pale, umri wa miaka kumi na nane hivi, anaosha nati kwenye petroli. Akasema taratibu kabisa, "Fundi, si tujaribu ile namba tatu?" Akajibiwa, "Wewe osha nati."

Dogo alikuwa sahihi! Nimelala saa nane usiku nikisoma haya mambo. Zile skrubu zinataka nyota namba 3, yenye ncha pana. Yeye alikuwa na namba 2, na imelika. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalijui na wanashika magari ya Kijapani kila siku: nyota siyo moja. Nyota iliyozoeleka ni ile ya Mmarekani Henry Phillips, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Wajapani wana kipimo chao, JIS, na skrubu zao nyingi zina nukta ndogo kichwani pembeni ya msalaba. Ukiziangalia unaona ni kitu kimoja. Ukiingiza bisibisi ya Phillips kwenye ya Kijapani, inaingia, ila haikai hadi kwenye kona. Ukikaza mkono inapanda na kuruka, na kila ikiruka inanyoa. Nenda katazame skrubu za gari lolote lililopita mikononi mwao, zote zimenyolewa.

Turudi. Upande wa kulia moja ikatoka (bahati tu), ya pili ikafa. Upande wa kushoto zote mbili zikafa. Akachukua tindo na nyundo aipige ukingo wa kichwa ili izunguke. Sawa, hiyo ni njia, hata mimi naijua. Ila alikuwa anapiga kuelekea upande wa KUKAZIA. Nikamwambia, fundi, mbona unaikaza? Akanijibu kwa kujiamini kwamba upande wa kushoto wa gari nyuzi huwa zinakwenda kinyume. Jamani. Hiyo ni nati za tairi za baadhi ya malori. Skrubu za diski ya CR-V zote nne zinafunguka kushoto, za upande wowote. Kaigonga kama dakika kumi, akaikaza vizuri kabisa, ahsante.

Halafu akasimama, akafuta mikono kwenye kitambaa, akatoa hukumu: "Mzee, hapa habu imekufa." Habu moja laki moja na themanini, na kuna duka la ndugu yake wanazo. Na kwa kuwa habu ikichomolewa beringi haifai kurudishwa, beringi mpya pia. Na kupeleka kwenye mashine ya kushindilia. Piga mara mbili, kushoto na kulia. Mtu nimekuja kubadilisha diski za laki na nusu, nadaiwa zaidi ya laki nne kwa sababu ya skrubu aliyoiua yeye.

Sasa sikilizeni kinachoniuma kuliko vyote. Ile skrubu HAINA KAZI. Yaani inayo, lakini siyo ile wanayotutishia nayo. Ni ya milimita 6, inakazwa kwa nguvu ya kama nyutoni mita 10, mkono wa kawaida tu. Kazi yake ni kuishika diski isicheze wala kudondoka wakati tairi haijafungwa. Ukishafunga tairi, diski inabanwa na nati tano, kila moja nyutoni mita 108. Nati tano za 108 dhidi ya skrubu mbili za 10, wewe mwenyewe sema nani anashika diski. Kuna magari mengi yanatembea bila hizo skrubu kabisa na wenyewe hawajui. Kwa hiyo hata ukikikata kichwa ukakitupa Mto Rau, breki hazina habari. Habu imekufaje hapo?

Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, "Mzee, wewe ndiyo fundi au mimi?" Nikakosa jibu, maana kwa wakati ule gari lilikuwa juu ya mawe yake.

Na wale mtakaokuja kuniambia niweke kipande cha mpira wa baiskeli kati ya bisibisi na skrubu ili kishike: nimeshajaribu jana jioni. Hiyo ni kwa skrubu za redio. Hapa mpira ulitoka umekuwa nyuzinyuzi.

Naomba mwenye fundi mstaarabu Moshi au hata Arusha, kule Unga Limited, aniambie. Nipo tayari kumlipia nauli.

MREJESHO (Jumapili usiku)

Wakuu, limeisha, lakini siyo kwa fundi. Ijumaa jioni wakati nachukua vitu vyangu kwenye gari, yule dogo alinifuata getini akanong'ona, "Baba, hiyo kazi ya saa moja tu. Tutoboe vichwa." Jumamosi nikamlipa mwenye gereji hela ya kulaza gari, tukafunga tairi juu juu, nikaliendesha polepole kama maiti hadi nyumbani Pasua. Leo asubuhi dogo akaja na mkoba, keekee kaazima, na bisibisi ya kugonga kaazima pia. Hicho kidude kama hamkijui ni kitamu: unaweka ncha kwenye skrubu, unapiga kitako kwa nyundo, na ule ule mpigo unaosukuma ncha ndani ndiyo unaoizungusha. Inakosa pa kurukia. Ile ya kulia, ambayo ilikuwa bado na kona kidogo, tulipaka mafuta tukanywa chai, halafu dogo akaweka ncha namba 3 na kugonga mara nne. Ikaachia. Mara nne tu!

Za kushoto hazikuwa na kona hata ya kuombea. Dogo akaanza na msumari wa keekee wa milimita 3 katikati, na kile kikombe alichochimba fundi kikamsaidia, maana msumari ulijiongoza wenyewe. Baadaye wa 6 na nusu, polepole, na mafuta. Nilidhani itakuwa vita. Ghafla kichwa kikakatika kikabaki kinazunguka kwenye msumari kama pete. Cha pili vilevile. Kisha akachukua bolti mbili za milimita 8, akazikaza kwenye yale matundu mawili yenye nyuzi yaliyo kwenye diski yenyewe (yamewekwa kwa kazi hiyo hiyo, na fundi wangu alikuwa anayatazama siku nzima!), huku kidogo, kule kidogo, hadi diski ikalia tang! na kutoka. Visiki viwili vikabaki vimesimama kwenye habu. Kwa kuwa kichwa hakipo, hakuna kinachovivuta tena. Cha kwanza alikikamata kwa plaizi ya kukaba kikageuka. Cha pili alikilegeza kwa plaizi, akakimalizia kwa VIDOLE. Kwa vidole, wakuu. Ninacho hapa mezani.

Tumesugua habu kwa brashi ya waya, diski mpya zimekaa, nimefunga skrubu mpya moja moja kila upande na grisi kidogo kwenye nyuzi. Mchana nimepanda hadi Marangu Mtoni na kurudi. Usukani umetulia. Dogo nimempa elfu thelathini, alitaka kumi na tano.

Saa moja jioni hii fundi kanipigia. Anadai elfu ishirini na tano ya ufundi wa Jumatano, anasema alishafungua moja. Nimlipe au nisimlipe?