Naomba ushauri: Honda C70 ya marehemu babu, nibakize injini yake au nifunge nyingine?

Wakuu, heshima kwenu. Nimeitoa stoo kijijini Honda C70 ya marehemu babu, iliyolala miaka mingi chini ya magunia. Ni ile ya zamani: umeme wa volti 6, platini (swichi ndogo inayofungua na kufunga umeme ili plagi itoe cheche), gia tatu, haina mkono wa klachi. Mama alipelekwa shule kwa pikipiki hii, kwa hiyo siwezi kuiuza chuma chakavu.

Nimemwaga petroli iliyooza, nimesafisha tangi na kabureta. Plagi inatoa cheche hafifu, ya njano. Nilisugua platini kwa msasa laini, ikawaka kama dakika moja, ikapata moto kidogo, ikazima. Tangu hapo napiga kiki mpaka mguu unauma. Nianze kubadilisha kondensa (kile kikopo kidogo kinachosaidia platini), au koili inayokuza umeme wa plagi? Au nipime kwanza mgandamizo, isije ikawa ringi za pistoni zimekwisha?

Fundi mmoja ananiambia niitoe injini, nifunge ya Kichina ya cc 110 kwa sababu nayo ni ya kulala (silinda imelalia mbele) na inakaa kwenye bolti zilezile. Vipuri vyake vipo kila duka, hilo nakubali. Lakini namba ya injini ya sasa iko kwenye kadi ya pikipiki, na mlio ule wa taratibu ndio babu mwenyewe kwangu.

Mwonekano sina haraka nao. Kava za miguu zimepasuka, nafikiria kuziacha nje na kuweka siti ya mtu mmoja na keria nyuma. Rangi ya buluu ibaki.

Aliyewahi kuhamisha C70 kwenda volti 12, je, ulibadilisha magneto (kizalisha umeme cha injini) nzima au koili tu?