Tadmor: mji wa jangwani uliishi kwa chemchemi au kwa ushuru?

Mwulizaji, Kilwa Masoko
Ndugu zangu, nimekulia mkabala na Kilwa Kisiwani, kwa hiyo siku zote niliamini kwamba mji wa biashara lazima uwe na bahari mlangoni. Sasa nasoma habari za Tadmor ya Siria, ambayo Warumi waliiita Palmyra: mji uliokuwa katikati ya jangwa, lakini ukajenga hekalu kubwa la mungu Beli lililowekwa wakfu mwaka 32. Je, utajiri huo ulitokana na chemchemi ya Efqa tu?

Mwalimu wa historia, Lindi
Chemchemi iliwawezesha watu kukaa, ila utajiri uliletwa na njia. Wafanyabiashara wa Tadmor waliongoza misafara ya ngamia hadi mto Frati, kisha wakateremka mpaka Ghuba ya Uajemi kuchukua bidhaa za Bara Hindi. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni jiwe la ushuru la mwaka 137, lenye maandishi ya Kigiriki na ya Kiaramu cha Tadmor. Humo baraza la mji linaeleza kwamba bidhaa nyingi hazikutajwa katika sheria ya zamani, ndiyo maana wafanyabiashara na watoza ushuru waligombana mara kwa mara. Basi viwango vikaandikwa wazi. Mafuta ya manukato yaliyobebwa katika vyombo vya alabasta yalitozwa zaidi ya yale ya viriba vya ngozi ya mbuzi, na matumizi ya chemchemi mbili za mjini yalilipiwa dinari 800. Maji nayo, kumbe, yalikuwa mapato.

Mchangiaji, Mtwara
Mwalimu, naomba niongeze ulinzi. Nguzo za barabara kuu zilibeba sanamu za watu walioheshimiwa, na maandishi kadhaa ya mji huo yanawashukuru waliosaidia misafara ifike salama. Malkia Zenobia wa Tadmor alipoiasi Roma, Kaisari Aurelian aliuteka mji mwaka 272. Ulipoasi tena ukaporwa, wala haukuirudia hadhi yake. Hekalu la Beli lilisimama hadi Agosti 2015, lilipolipuliwa, na mwezi huohuo akauawa Khaled al-Asaad, mwanaakiolojia aliyeyatunza magofu hayo kwa miongo mingi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwulizaji
Ahsante, mwalimu, nawe ndugu wa Mtwara. Kilwa nayo ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, kabla Wareno hawajaivamia mwaka 1505. Nitakapovuka tena kwenda kisiwani, nitaanza na visima kabla ya kupanda Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani.