Mjadala: Mpiga drams ana fungu gani katika wimbo?

Mleta mada, Kisumu
Tumemzika mzee aliyepiga drams kwenye bendi za benga, ule muziki wetu wa magitaa, tangu miaka ya sabini. Usiku wa matanga spika zilipiga vibao vyake hadi alfajiri. Waliosifiwa ni mtunzi na gitaa la solo. Yeye alitajwa wasifu uliposomwa, halafu bakuli la mchango likapitishwa ili jeneza lilipwe. Msimamo wangu ni huu: mdundo ni utunzi, mpiga drams apewe mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya kila wimbo unapotumika.

Wa Nakuru
Poleni kwa msiba. Ila unachanganya mambo, ndugu. Fundi akishajenga nyumba hadai kodi kila mwezi. Alilipwa siku ya kurekodi. Tena kuna vyama vya kukusanya mirabaha: MCSK ni ya watunzi, na wapigaji wana PRISK yao. Mzee alijiandikisha?

Mleta mada
Hata angejiandikisha, muda ungemwishia! Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. D.O. Misiani, mtunzi wa benga wa bendi ya Shirati Jazz, alifariki 2006, kwa hiyo tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2056. Mpigaji huhesabiwa miaka 50 tangu kurekodi. Kibao cha 1974 haki yake ya upigaji iliisha 2024. Mzee alikuwa hai, anakisikia kwenye matatu za Kondele hapa Kisumu, na hadai kitu.

Mpiga besi
Omera, ndugu yangu, umesema. Watu husikia magitaa yakikimbizana tu. Sikilizeni mguu wa mzee: ngoma kubwa kila pigo, haikosi, na hapo ndipo besi inapata nafasi ya kurukaruka. Wimbo ukikaribia kuchemka alikuwa anaachia sahani za hi-hat kidogo, zinatoa "tsii", unajua sasa tunaingia. Mtunzi alikuja na maneno na gitaa. Mdundo huo mzee hakufundishwa na mtu. Kwenye lebo ya santuri kukaandikwa bendi na mtunzi, basi.

Na si huku tu. Tony Allen, aliyefariki Paris Aprili 2020, alikuwa mpiga drams wa Fela Kuti wa Nigeria, na Fela mwenyewe alikiri kwamba bila Tony muziki wa Afrobeat usingekuwepo. Bado Tony alimwacha Fela mwishoni mwa miaka ya 70, na malipo yalikuwa kwenye malalamiko yake.

Wa Nakuru
Tony alibuni mtindo mzima. Wangapi wetu wamebuni? Ukimpa wa drams, wa kayamba naye atakuja, kisha mnagawana shilingi watu kumi.

Dada wa Kakamega
Kaka, kwetu isukuti ni ngoma tatu, na ukiziondoa hakuna kinachobaki. UNESCO iliiorodhesha 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma ya kijijini ni urithi unaotambuliwa duniani, ila ikiingia studio inakuwa kibarua? Wa kayamba naye, kama alibuni, apewe.

Wa Nakuru
Sawa, dada. Lakini nani atapima nani amebuni? Majaji?

Mpiga besi
Majaji wa nini? Watu wanakubaliana kabla ya kurekodi. Jumamosi tunaingia studio na nimeandika karatasi ya mgao: wa drams asilimia 10 ya utunzi, kila mtu anatia sahihi. Mwimbaji wetu ameshaapa hasaini.