Bima za Marekani za "lipa kwanza mwenyewe" zinawaachisha wagonjwa dawa

Wakuu, hasa mlioko Marekani, nina hasira na sitaificha. Kuna hizi bima ambazo waajiri wanatusukumia kila Novemba kwa maneno matamu kwamba makato ya mshahara ni madogo. Kweli ni madogo. Lakini bima haikulipii dawa mpaka kwanza utoe mfukoni mwako maelfu ya dola, na ikifika Januari unaanza upya. Kwa mwaka 2025 sheria ilitaka kiwango hicho kisipungue dola 1,650 kwa mtu mmoja na 3,300 kwa familia. Cha kwetu hapa Houston kimezidi hapo.

Kaka yangu ana kisukari. Desemba vidonge vyake alivichukua kwa dola 40. Januari, duka lile lile la dawa, dada wa kaunta akamgeuzia skrini: dola 560 na ushee. Kaka akachukua metformin tu, ile ya bei chee, nyingine akairudisha. Baadaye nikagundua vidonge vilivyobaki nyumbani anameza leo, kesho anaruka. Mtu anaamka saa kumi usiku kwenda kupakia mizigo ghalani, bima anakatwa kila mshahara, na dawa hapati!

Msiniambie habari za akaunti ya akiba ya afya, ile inayoambatana na bima hizi ili uweke hela isiyokatwa kodi kwa ajili ya matibabu. Zipo tangu 2004 na zinamfaa mwenye hela ya kuweka. Anayelipa kodi ya nyumba na kutuma ada za wadogo zake Tanga ataweka nini?

Kinachoniuma zaidi ni hiki: Julai 2019 mamlaka ya kodi, IRS, iliruhusu bima hizi zilipie dawa za kisukari, baadhi ya dawa za presha, za kolesteroli na za kuvuta za pumu kabla mgonjwa hajafikisha kiwango. Iliruhusu, haikulazimisha. Mwajiri wetu kakaa kimya. Halafu wanatuambia kulipa mwenyewe kunamfanya mtu awe makini na matumizi! Utafiti mkubwa wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulioanza miaka ya 1970, ulishaonyesha kwamba watu wakilipishwa zaidi wanapunguza tiba zenye manufaa sawasawa na zisizo na manufaa. Mgonjwa hana cha kuchagua hapo, anaacha kile asichokimudu.

Mnaojaza fomu za bima, waulizeni waajiri wenu kwa maandishi: dawa za magonjwa ya kudumu zinalipiwa kabla ya kiwango au la? Na aliyewahi kumbana mwajiri mpaka akabadilisha, aeleze hapa alipitia mlango gani. Mimi nimeandika barua pepe, nimetumiwa kijitabu cha matangazo.