Natafuta dawa ya nguvu, magunia ya simiti yamenishinda

Hamali wa Gati: Assalaam aleikum. Nina miaka 41, nashusha simiti Lamu, magunia ya kilo 50, kutoka jahazini hadi juu ya gati. Zamani sikuhesabu. Sasa nikifika la ishirini magoti yatetemeka na kichwa chagonga. Dawa gani ya kuongeza nguvu?

Bi Mkomani: Waaleikum salaam. Walala saa ngapi?

Baharia Mzee: Sisi tulipakia boriti za mikoko bila dawa. Wali, samaki, ukishaswali Isha walala. Vijana wa leo hawali, watafuna tu.

Hamali wa Gati: Usiku nalinda nyumba Shela. Natafuna muguka kidogo nisisinzie.

Mwana wa Baraza: Punda wa mji huu wana kituo chao cha matibabu tangu 1987. Punda akichechemea hupumzishwa. Hamali je? Shela umeajiriwa tangu lini? Ikipita miezi miwili mfululizo, Sheria ya Ajira ya 2007 yakupa siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, ukileta cheti cha daktari.

Langoni Macho: Hadithi ya kutunga hii. Mchana gati, usiku Shela, alala lini? Ngojeni, sasa hivi atatokea "tabibu" na chupa na namba ya simu.

Hamali wa Gati: Wallahi siuzi kitu. Jahazi hungoja maji, siku nyengine naanza adhuhuri. Basi niseme yote. Mwezi jana nilipimwa presha, 170 kwa 110. Vidonge vikanivimbisha miguu, nikaacha. Lakini Jumamosi lazima nishushe. Arbuni nimeshachukua, imelipa ada ya skuli.

Bi Mkomani: Mbona hukuanza na hilo? Mimi muuguzi. Viko vidonge vya presha vinavyovimbisha miguu. Ukivimba warudi ubadilishiwe, huachi kimya kimya. Na muguka hupandisha presha, huukimbiza moyo. Rudi kesho, usingoje Jumamosi.

Hamali wa Gati: Nikiacha muguka nitalala lindoni, nifukuzwe. Hii ya Jumamosi nimalize, kisha niende.

Langoni Macho: Kama ni kweli, niwie radhi. Mpe mwenzako zamu hiyo, arbuni utamlipa kidogo kidogo. Babangu alianguka na gunia begani, hapo hapo gatini. Kiharusi.

Hamali wa Gati: Alikuwa na miaka mingapi?

Langoni Macho: 44.